Breki Zirudishazo Umeme, na Masanduku Yasiyosikizana

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi na fundi wa breki wa karakana ya reli. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama waliokuwa zamu siku ile.)



Nimeambiwa niseme nusu saa, tena niseme kwa Kiswahili ambacho kila mtu atasikia, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiita vitu kwa majina ya karakana. Mimi si injinia. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la 8, nikaandikwa kazi ya kusukuma toroli ya vyuma, na breki nilizijua kwa kuzifungua na kuzifunga, yapata miaka 14 sasa. Lakini jambo lililonileta mbele yenu halikuanzia relini. Lilianzia kwa shemeji yangu, dereva wa basi la umeme hapa Nairobi, aliyeambiwa atakatwa mshahara kwa ajili ya pedi za breki.

Alikuja kwangu Jumamosi jioni na karatasi mkononi. Hata chai hakunywa. "Shemeji," akasema, "wewe wajua breki. Nisomee hapa kosa langu ni lipi." Karatasi ilisema kwamba pedi za mbele za basi lake zimekwisha kwa majuma 7, kwamba sababu ni udereva mbaya, na kwamba shilingi 18,400 zitakatwa katika mshahara kwa miezi 4, yaani 4,600 kila mwezi. Chini palikuwa na mstari wa yeye kutia sahihi.

Nikamwuliza, "Ukiinua mguu, basi hujishika lenyewe?" Akanijibu, "Siku nyingine hujishika. Siku nyingine huenda kama toroli tu, nami hukanyaga breki mpaka harufu yaingia ndani."

"Wakati gani?"

"Asubuhi ndiyo mbaya. Ikifika saa sita mchana, limepona."

"Na taa?"

"Taa ya njano ya ABS huwaka. Namwambia fundi, anachomeka mashine yake, anaifuta, natoka tena barabarani."

Ndugu, hapo nilimwambia asitie sahihi. Na sasa nataka kuwaeleza kwa nini.

Kwanza tujue breki yenyewe. Gari lolote likienda lina nguvu ya mwendo, na kusimama ni kuitoa nguvu hiyo mahali fulani. Katika basi la dizeli nguvu hiyo yageuka moto kwenye pedi na ngoma za breki, na moto huo wapotea hewani. Basi la tani 12 likienda mwendo wa kilomita 50 kwa saa lina nguvu ipatayo theluthi moja ya yuniti ya stima, ile mnayoinunua kwa tokeni. Si nyingi. Lakini lihesabuni kwa kila stendi, kwa kila taa nyekundu, kutwa nzima. Tena hesabuni mteremko: basi hilo hilo likishuka kimo cha mita 500, kama vile kutoka Limuru kuja mjini, latoa yuniti zipatazo 16. Nyingine huliwa na magurudumu na upepo, lakini zinazobaki hapana budi ziende mahali.

Katika basi la umeme, mota ile ile inayosukuma magurudumu yaweza kugeuzwa kuwa jenereta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha, nayo yawa nzito, yalishika basi, na umeme wake warudi katika betri. Watu wa reli jambo hili si geni kwetu. Injini nyingi za dizeli zina mota za umeme chini, na kwenye mteremko mota hizo hugeuzwa jenereta. Ila umeme wake hauna betri ya kuingia, huchomwa tu katika resista kama pasi ya nguo, na feni kupeperusha moto nje. Marekani, reli ya Milwaukee Road ilipitisha treni za umeme katika milima ya Montana tangu miaka ya 1910, na treni iliyoshuka ilirudisha umeme katika waya wa juu, ukasaidia treni iliyopanda. Kwa hiyo wanaosema kwamba breki hii ni uchawi wa juzi, waambieni babu zao hawajazaliwa ilipoanza.

Jambo lililo jipya ni mazungumzo. Katika injini zetu za zamani dereva alishika mpini wake, na waya zikabeba amri moja kwa moja mpaka kwenye mota. Katika basi la siku hizi, mguu wa dereva hauamuru mota. Mguu waeleza sanduku. Gereji huyaita kontro boksi. Mimi nitasema masanduku. Liko sanduku la breki, linalopima mwendo wa kila gurudumu na kuzuia lisiteleze. Liko sanduku la mota. Liko sanduku la betri, linalojua betri imejaa kiasi gani na ina joto kiasi gani. Liko na sanduku kuu, ambalo ni kama kontrola wa treni ofisini kwake, halishiki chuma lakini lapanga nani afanye nini. Dereva akiinua mguu, sanduku kuu lauliza: betri, waweza kupokea kiasi gani? Breki, magurudumu yashika barabara au yateleza? Yakijibu vema, laamuru mota igeuke jenereta kwa kiasi kile. Haya yote hupita katika waya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja kama kamba ya katani. Njia hii ya mazungumzo huitwa CAN, na kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoitangaza mwaka 1986. Mabasi na malori mengi hutumia lugha moja juu ya waya hizo, iitwayo J1939, na katika lugha hiyo ujumbe mkuu wa sanduku la breki hutolewa mara 10 kila sekunde.

Sasa ninyi mliofanya kazi stesheni mtanielewa upesi kuliko fundi wa motakaa. Stesheni masta akitaka kutoa treni, humwuliza mwenzake wa mbele kama njia i wazi. Mwenzake aweza kusema ndiyo. Aweza kusema hapana, nina treni hapa, ngoja. Na aweza asijibu kabisa. Hapana na kimya vyote viwili husimamisha treni, lakini si kitu kimoja! Akisema hapana, kazi inaendelea kama kawaida. Akinyamaza, mtu atumwe akaangalie kama waya umekatwa au bwana yule ni mgonjwa.

Mabasi haya ni vivyo hivyo. Betri iliyojaa pomoni husema hapana. Dereva aliyechaji usiku kucha huko juu, akaanza kazi kwa kuteremka, atakuta basi halijishiki kama alivyozoea kwa kilomita za kwanza, na si ubovu. Betri yenye baridi sana au joto sana nayo husema hapana, au husema kidogo tu. Na magurudumu yakianza kuteleza kwenye matope, sanduku la breki husema acha, na mota yaacha. Hayo yote ni majibu. Mwenye kuyaita ubovu atafungua gari zima bure. Lakini masanduku yakinyamaziana, basi huacha kurudisha umeme kwa sababu ya usalama, hutia taa, na kazi yote ya kusimamisha tani 12 huangukia pedi. Ndiyo sababu pedi za shemeji zilikwisha kwa majuma 7. Alikuwa akishika basi kwa pedi peke yake nusu ya kila siku, naye hakuambiwa.

Katika jambo moja, hali ya breki hizi ni kinyume cha treni yetu. Mpira wa breki ukikatika kati ya mabehewa, hewa yatoka na breki zajifunga zenyewe; Bwana Westinghouse aliliweka hivyo zaidi ya miaka 150 iliyopita. Mazungumzo yakikatika katika basi la umeme, breki ya mota yafunguka. Breki ya hewa ya mguuni ingali ipo na yasimamisha basi, lakini kule kujishika kwa kuinua mguu hakuna, na dereva aliyezoea hujikuta amekwisha kulikaribia gari la mbele. Dereva akiona taa ile, na achukue nafasi kubwa mbele yake, ashuke mteremko polepole tangu juu, asingoje kukanyaga akiwa katikati, maana pedi zikipata moto sana hazishiki. Kisha aandike.

Narudi kwa shemeji. Mwakilishi wa chama pale kazini aliomba kampuni iruhusu basi lipimwe mbele ya dereva. Kampuni siitaji jina, kwa sababu kesi haijaisha na kwa sababu fundi wao wa umeme, kijana mwema, alinipokea vizuri kuliko nilivyotazamia. Walikuwa wamekwisha badilisha pedi mara mbili, wakabadilisha kifaa cha pedali kinachopima mguu, na sanduku la breki lilikuwa limeagizwa kutoka ng'ambo. Vitu vya fedha nyingi. Nikamwuliza kijana, "Makosa mliyoyafuta yaliandikwa wapi?" Akacheka kidogo, akasema, "Mzee, tulifuta tu." Mzee! Mimi sijafika miaka 40.

Hilo ndilo kosa la kwanza ninalotaka mlikumbuke. Kabla ya kufuta, andika. Andika namba nzima, andika sanduku gani limesema, andika ni saa ngapi na kilomita ngapi. Katika magari madogo namba ya kosa huanza na herufi. Ikianza na C, ni breki na mambo ya chini ya gari. Ikianza na P, ni nguvu ya kusukuma. Ikianza na U, ni mazungumzo: sanduku moja lasema sikumsikia fulani. Kwa mfano U0121 maana yake sanduku la ABS halisikiki. Katika mabasi ya J1939 hakuna herufi, ziko namba mbili, na ya pili ndiyo yaeleza aina ya ubovu. Namba 5 kwa kawaida ni waya uliokatika. Namba 9 ni ujumbe usiofika kwa wakati wake. Namba 19 ni ujumbe uliofika ukiwa umeharibika. Ukiona 9 au 19, usikimbilie kununua kifaa. Aliyeandika kosa ni msikizaji, si mgonjwa. Msikizaji anasema tu kwamba mwenzake kanyamaza.

Tulingoja mpaka asubuhi, kwa sababu shemeji alisema asubuhi ndiyo mbaya. Ningewasihi mafundi wote: mwamini dereva kwa habari za saa na mahali. Huenda hajui jina la kitu, lakini amekaa na gari saa 12. Saa kumi na moja na nusu taa ilikuwa imewaka. Kijana akasoma kila sanduku, si la breki peke yake, nami nikapiga mistari katika karatasi kama karatasi ya zamu: nani hamsikii nani. Sanduku kuu halimsikii breki. Saa ya mbele ya dereva haimsikii breki. Sanduku la breki lenyewe, kila tulipofaulu kuongea nalo, lalalamika kwamba halimsikii mtu yeyote. Lakini sanduku kuu na saa ya dereva wasikizana vizuri, na mota na betri, walio katika waya zao mbali, wasikizana vizuri.

Karatasi ile tu ilitosha kupunguza kazi. Kama wote wangekuwa hawasikizani, tungetafuta ubovu katika njia yenyewe, au waya mbili zimegusana, au sanduku moja lapiga kelele na kuwaziba wengine. Hapa ni mmoja aliyetengwa. Kwa hiyo ama ni mgonjwa yeye, ama hana umeme wake wa kula, ama njia iendayo kwake imekatika. Kampuni ilikuwa imekata shauri kwamba ni mgonjwa yeye, bila kuangalia hayo mengine mawili.

Tukaangalia chakula chake kwanza. Volti za betri ndogo, ile ya 24, zilikuwa nzuri, na fyuzi nzima, na waya wa chini umekazwa. Msidharau betri ndogo. Ikichoka, masanduku husinzia na kuandika makosa ya kila namna, na watu huvunja gari kwa ajili ya betri ya kuwashia taa.

Kisha tukapima njia. Na hapa nasema kwa ukali kidogo: waya za rangi ya machungwa zina mamia ya volti, na mtu asiyefundishwa wala kupewa glavu zake asizishike, hata akiamriwa na msimamizi. Kazi ninayoieleza haifiki huko. Ni waya mbili nyembamba tu.

Njia ya CAN ina resista mbili, moja kila mwisho, kila moja omu 120. Zikiwa zote mbili mahali pake, mita yasoma omu 60 kati ya waya zile mbili. Lakini hupimi gari likiwa limewaka. Zima, tenga betri ndogo, ngoja kidogo masanduku yalale, ndipo uweke mita. Ukisoma 60, ncha zote mbili zipo. Ukisoma 120, umeipata moja tu, yaani mwisho mmoja umekatika. Ukisoma 40, mtu ameongeza resista ya tatu, pengine kwa kufunga kifaa kisichotakiwa. Ukisoma karibu na sifuri, waya zimegusana. Katika basi lile plagi ya kupimia iliungwa moja kwa moja na njia. Magari mengine yana sanduku la mlango katikati, na hapo kipimo cha plagi hakikuambii habari za upande wa pili; itabidi upime katika njia yenyewe.

Tukasoma 120.

Kijana akafurahi, akataka kwenda kunywa chai. Nikamwambia tungoje. Saa tatu, jua limepanda, tukapima tena: 60. Nikamwambia shemeji apande, arukeruke juu ya ngazi ya mlango wa mbele. 60, 120, 60, 120, kama mtu anayewasha na kuzima taa. Makanga waliokuwa karibu walicheka sana, mtu mzima arukaruka ndani ya basi tupu. Lakini sasa tulijua ubovu uko chini ya ngazi ile, kati ya plagi na sanduku la breki lililo mwisho wa njia.

Tulifungua bati la ngazi. Chini yake palikuwa na waya zile mbili, na mtu alikuwa amezichuna ngozi, akazisokotoa wazi, akafunga waya zake mbili juu yake na kuzizungushia tepu nyeusi. Alikuwa fundi aliyefunga kifaa cha kuonyesha gari liko wapi. Alitaka kuiba habari za mwendo kutoka katika njia, na hakuona haja ya plagi wala solda. Ninyi nyote mwajua vifaa hivi. Tangu sheria za matatu za mwaka 2004 magari ya abiria yafungwa gavana za mwendo, na vingine vimefuata, na kila mfungaji huchagua waya wa kukata kwa macho yake. Sisemi vifaa vyenyewe ni vibaya. Nasema waya zilizosokotwa zimesokotwa kwa sababu: zikienda pamoja hivyo, kelele za umeme za nje huzipata zote mbili sawasawa, na msikizaji huangalia tofauti yao tu, basi kelele yajifuta. Ukizifungua na kuziacha zining'inie, umewaita mota na taa na redio waje wazungumze.

Na kwa nini asubuhi? Kwa sababu basi huoshwa usiku. Makanga hufagia maji yote ya ndani kupitia mlango wa mbele, maji yashuka ngazini, yaingia chini ya tepu. Kulikuwa na kutu ya kijani kama ya sufuria ya shaba. Waya mmoja ulikuwa umeshikwa na uzi mmoja tu. Joto la jua likiukausha, ulishika. Ukitingishwa, uliachia.

Tukakata kile kipande, tukaunga kwa plagi nzuri yenye mpira wa kuzuia maji, tukazisokota waya tena mpaka karibu kabisa na plagi. Mita ikasema 60, basi likitingishwa au lisitingishwe. Tukawasha. Waya mmoja ulisoma zaidi kidogo ya volti 2 na nusu, wa pili pungufu kidogo, kama ipasavyo njia yenye mazungumzo. Kijana akafuta makosa, safari hii baada ya kuyaandika, na shemeji akaliendesha na mwakilishi akiwa kiti cha mbele. Liliposhika kwa kuinua mguu tu, shemeji hakusema kitu. Alinitazama kwa kioo.

Gharama yote haikufika shilingi 1,000. Sanduku la breki lililoagizwa lilifika baadaye, na mpaka leo limo stoo.

Sasa, ndugu, kuna wanaosema hii ni hadithi ya waya, chama kinahusikaje? Chama kinahusika kwa sababu mtu alitaka kulipishwa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibiwa, lakini iwe ni kwa kosa la makusudi la mfanyakazi, na kiasi kiwe cha haki. Haisemi kila kinachoharibika mikononi mwako ni deni lako. Pedi zilizoliwa kwa sababu breki ya mota ilinyamazishwa si makusudi ya mtu. Na wakitaka kumfukuza kwa sababu hiyo, kifungu cha 41 chasema asikizwe kwanza, katika lugha anayoifahamu, tena ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama hapo anaposikizwa. Lakini mwakilishi asiye na karatasi atasema nini? Namba za makosa zilizofutwa ni ushahidi uliochomwa. Kwa hiyo dereva anayeona taa aiandike katika kitabu cha gari, na saa, na mahali, na apate sahihi ya aliyeipokea. Ninyi mlio na simu za picha, pigeni picha ile taa, gari likiwa limesimama.

Na msidhani makosa haya hutokea kwa mafundi wa tepu nyeusi tu. Mwaka 2010 kampuni ya Toyota iliita magari yapatayo 437,000 ya namna ya Prius na ndugu zake duniani kote, kwa sababu madereva walilalamika kwamba kwenye barabara ya mashimo breki zililegea kwa kitambo. Breki ya mota na breki ya kawaida zilikuwa zikikabidhiana kazi, na maagizo ndani ya sanduku la breki hayakukabidhi vizuri. Waya zilikuwa nzima, pedi nzima, kilichotengenezwa ni yale maagizo. Tazameni jambo hilo vizuri: madereva ndio walioanza kusema. Magari ya namna hiyo yamejaa hapa kwetu, yametoka Japani yakiwa yametumika, na fundi wa mtaani akiletewa moja asianze kwa kubadilisha diski.

Maswali mliyonipa kwenye karatasi nitayajibu mawili kwa sababu ya wakati.

Ndugu wa karakana ya mabehewa ameuliza kama breki hii yaweza kufanya kazi yote, pedi ziondolewe. Haiwezi. Basi likikaribia kusimama, mota yatoa nguvu kidogo sana ya kushika, na betri iliyojaa haipokei. Pedi hapana budi. Tena pedi zisizotumika nazo hushika kutu kwenye diski, kwa hiyo gari la umeme lenye breki nzuri bado lafunguliwa na kusafishwa.

Dada aliye makanga ameuliza kama ni kosa lake kuosha basi. La, dada, si kosa lako. Gari la abiria lazima lioshwe, na njia ya waya iliyofungwa sawasawa haiogopi ndoo ya maji. Usikubali mtu akuandike kwenye karatasi kwa ajili hiyo.

Habari za shemeji ni hizi. Makato ya miezi 2 yalikuwa yamekwisha kufanyika kabla hatujapima. Ya mwezi wa tatu na wa nne yamesimamishwa. Zile 9,200 kampuni yasema zilikwisha ingia katika hesabu za mwaka na haiwezi kuzirudisha. Chama chasema yaweza, na barua ya tatu imepelekwa juma lililopita. Karatasi ya kwanza shemeji hakuitia sahihi, na hilo limetusaidia sana.

Kipande cha waya tulichokikata ninacho hapa katika bahasha. Nakipitisha mkono kwa mkono mjionee ile kutu na tepu, lakini tafadhali kianzie mstari wa mbele na kirudi kwangu kabla hamjatoka, kwa maana Bwana Katibu atakihitaji.